Soweto Katika Kitabu cha Pushkar

Mwaka 2017 bosi wangu alinituma India kupiga picha za ngamia. Ndivyo alivyoielewa yeye safari ile, na kwa kuwa ndiye aliyelipa tiketi, nilimwacha aendelee kuielewa hivyo.

Bosi ana duka la mapazia Marshalltown, na mimi ni mmoja wa mafundi wake wa cherehani. Siku tatu kwa wiki nilishona mapazia ya watu wenye madirisha makubwa kuliko chumba changu cha Yeoville. Siku mbili nilikwenda nyumbani kwake Mayfair kukaa na mama yake, aliyekuwa na miaka themanini na mitatu, mapafu mabovu na ulimi mzima kabisa. Sikusomea uuguzi. Sifa yangu ilikuwa Kiswahili. Mama alizaliwa Tanga, akaletwa Johannesburg akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane, na tangu hapo alikosa mtu wa kuzungumza naye lugha aliyoichezea utotoni. Mwanawe haelewi hata neno moja. Alikuwa akipita sebuleni, anatusikia, anatabasamu, anauliza kama tunazungumzia mapishi. Tulimjibu ndiyo, mapishi.

Siku moja tukichambua dengu jikoni, Mama alinifunulia mapishi yenyewe. Kabla ya huyu bosi alikuwa na binti. Binti alipendana na mwanamume wa Soweto wakati ambapo sheria ya nchi ilikataza mapenzi ya namna hiyo, na sheria ya baba yake ilikataza zaidi. Akaondoka, akaolewa huko huko. Baba akazishusha picha zake ukutani na kuagiza jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba. Bosi alikuwa na miaka kumi na mitano, mtoto mtiifu, na ameendelea kuwa mtoto mtiifu mpaka kichwa kimeota mvi. Binti alizaa mtoto mmoja wa kike, akaugua, akafa. Baba naye alikufa baadaye, bila haraka. Agizo lake likabaki hai, maana katika nyumba ile maagizo ya wanaume yalikuwa na afya kuliko wanaume wenyewe.

Mjukuu huyo nilikwisha mjua. Mimi ndiye niliyempelekea Soweto magauni ambayo bibi yake aliniagiza nimshonee, kila baada ya miezi michache, kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayepeleka bangi. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, keshia wa supamaketi, mwenye nyusi za Mama zilezile.

"Sasa sikiliza, fundi," Mama aliniambia. Jina langu alilijua ila hakulitumia. Kwake nilikuwa fundi, kama walivyowaita mafundi kwao Tanga. "Kule Pushkar, India, penye ziwa takatifu na mnada wa ngamia, kuna makuhani wenye vitabu. Kila ukoo una kuhani wake. Ukienda kuhiji unaandikisha nani kazaliwa, nani kaolewa, nani kafa. Babu yake mume wangu yumo. Baba yake yumo. Mume wangu alikwenda akamwandikisha mwanangu wa kiume. Binti yangu hayumo. Nataka aandikwe kabla sijafa. Basi. Mengine yote ni mbwembwe tu."

"Na huyu mtoto wako mwanaume anajua?" nikauliza.

"Anajua naenda kuoga ziwani."

Hata huko kuoga bosi hakukutaka. Daktari alikuwa amesema maji baridi yangemmaliza. Lakini Mama aligoma kula siku mbili, na bosi, ambaye wateja wakubwa walimwogopa, akasalimu amri mbele ya sahani ya wali isiyoguswa, ila iwe safari ya kutazama ngamia tu. Alinipa masharti matatu: dawa kwa saa, picha kila siku, na Mama asiingie majini. Akanitazama machoni. "Hataingia majini," nikamwahidi, na ahadi hiyo niliitimiza kwa namna yangu.

Mchungaji wangu wa Yeoville, Mkongo mwenzangu, aliposikia naenda wapi, alinishika kichwa mbele ya kanisa zima. "Dada, ile inchi iko na sanamu mingi," alisema. "Usikule vitu yao, usiguse maji yao, usikanyage mahali yao." Sikuelewa kama alitaka niende nikielea hewani. Alinifungia siku tatu za maombi, na siku ya tatu, baada ya amina, akanivuta pembeni kuniomba nimletee mke wake sari. Ya zambarau.

Tukafika. Kutoka Delhi ni saa nyingi za barabara, mashamba yanakonda, miti inakuwa ya miiba, mwishoni ni mchanga na vilima vikavu. Tulikuwa kwenye kundi la watalii kumi na wanne, na kambi yetu ya mahema ilikuwa na zulia, kitanda na kioo kirefu, ili mtu ajione vizuri akiteseka jangwani. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye ratiba ya karatasi aliyoishika kama hati ya nyumba. Nilimwambia Mama anatafuta kuhani wa ukoo wao. Akaikagua ratiba juu mpaka chini. Kuhani hakuwemo. Kulikuwa na ngoma ya ngamia, mashindano ya masharubu, na jua kuzama, saa kumi na mbili kamili.

Mnada wenyewe, sisemi uongo, ulinifunga mdomo kwa karibu dakika tano. Ngamia walijaa bondeni mpaka huoni mwisho wao, wamenyolewa manyoya kwa mapambo ya maua, shanga shingoni, njuga miguuni. Mimi nikiona kitu naangalia kwanza kimeshonwaje, na niwaambie kweli, yule mnyama anavaa vizuri kuliko bosi wangu. Matandiko yamedariziwa kwa mkono, mishono midogo, pindo zimenyooka. Wanaume wamejizungushia vilemba vya mita tisa. Wanawake wana sketi za vipande ishirini, na wanazivaa kuokotea kinyesi cha ngamia, wakikibeba kwenye karai kichwani kwenda kukikausha kiwe kuni. Niliona aibu kwa mapazia yote niliyowahi kuyasifu.

Halafu njaa. Pushkar ni mji mtakatifu, haiuzwi nyama wala yai. Mimi ni mtu wa Bukavu. Nililetwa mahali penye mifugo mingi kuliko nilivyowahi kuona maishani, nikalishwa dengu siku tano mfululizo. Mbuzi walinipita karibu wakinitazama kwa dharau, na walikuwa na haki.

Na picha. Nilikuja kuwapiga ngamia picha, nikajikuta napigwa mimi. Mwanamke mweusi anayesukuma bibi wa Kihindi kwenye kiti cha magurudumu alikuwa kitu kigeni kuliko chochote sokoni pale. Familia nzima zilipanga foleni, mtoto mchanga akawekwa mapajani mwa Mama, mimi nikashikwa bega. Ngamia alisimama nyuma yetu bila mteja. Kwenye mashindano ya watalii kufunga kilemba nilimaliza wakati Wazungu bado wanatafuta ncha ya kitambaa, maana mwanamke wa Kongo aliyeshindwa na kitambaa cha kichwa bado hajazaliwa. Zawadi ikawa kupigwa picha na ngamia. Bosi alifurahi sana. "Eish, nzuri!" aliandika. "Ma anakula?"

Ma alikuwa anakula hasira. Siku mbili zilipita kwenye ratiba, na kila nilipokisukuma kiti kuelekea mjini, magurudumu yalizama. "Mama, hii kiti haitembee mu mchanga," nikamwambia. Akanijibu kwamba hakuwa kipofu. Siku ya tatu nilimwacha kiongozi akiwahesabu watalii wake kwa ajili ya mashindano ya masharubu, nikamwendea mfugaji mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba akinywa chai, nikamwonyesha Mama, nikaonyesha mji, nikaonyesha kitanda. Alielewa kuliko kiongozi aliyesoma. Yeye na nduguze watatu walimlaza Mama pale, wakamwinua mabegani, na Mama akaingia Pushkar amejiegemeza kwa kiwiko kama malkia, akiwaelekeza njia asiyoijua.

Ziwani kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, na kwenye ngazi kuna makuhani wa kila namna. Wa kwanza alinitia ua mkononi, akanifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, akaniombea watoto saba, akataka sadaka. Wa pili hakujali kwamba nimekwisha ombewa. Akafunga uzi wake. Mpaka tunampata wa ukoo wa Mama nilikuwa na nyuzi nne na ahadi ya watoto ishirini na kitu. Nilimfikiria mchungaji wangu. Nilikuwa nimekula vitu yao, nimegusa maji yao, na viatu nilikuwa nimevivua kwa hiyo nilikuwa nimekanyaga mahali yao kwa nyayo tupu.

Kuhani mwenyewe alikuwa kijana mwenye koti la jinzi juu ya vazi jeupe, na simu iliyopasuka kioo. Mama alimtajia kijiji cha mumewe kule Gujarat. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kirefu chembamba kimefungwa kwa kitambaa chekundu, akafunua, akafunua, akageuza kitabu, akaweka kidole. Mama aliinama. Ulikuwa mwandiko wa mumewe mwenyewe. Chini yake jina la mwana wa kiume, na chini ya hapo hakuna kitu. Mama aliupitisha mkono kwenye karatasi pale pasipo na kitu, taratibu, kama mtu anayetafuta shimo kwenye shuka.

Akasema alilojia. Aliniambia kila kitu kwa Kiswahili huku wakizungumza, kwa hiyo hakuna lililonipita.

"Binti aliolewa?" kuhani akauliza.

Aliolewa.

"Basi haandikwi hapa. Binti aliyeolewa huandikwa kwenye kitabu cha ukoo wa mume. Mume ni wa kijiji gani?"

"Soweto."

Kuhani akafikiri. Akamwuliza kuhani wa jirani. Yule akasema anadhani ni karibu na Surat, huko huko Gujarat. Wa tatu akabisha, Soweto iko upande wa Rajkot. Mama akawaambia iko Johannesburg. Hapo uso wa kijana ukafunguka, maana Johannesburg anaijua vizuri, nusu ya kitabu chake inaishi huko. Akauliza kuhani wa watu wa Soweto ni nani ili atupeleke kwake.

"Hakuna," Mama akasema.

Kijana akakifunga kitabu. Hakufanya kwa ubaya. Mume asiye na ukoo kitabuni hana pa kumweka mkewe. Ndiyo kawaida yao, na yeye aliirithi pamoja na kile kitabu. Mama hakulia. Aliendelea kukaa kwenye kile kitanda cha kamba, mikono mapajani, akitazama kitambaa chekundu kikifungwa.

Mimi nilikuwa na la kusema. Siku tatu za dengu, nyuzi nne, na sasa huyu mtoto wa jinzi. "Mama, umwambie kama kule Soweto bantu iko na ukoo," nikasema, na sauti yangu ilivuka ziwa. "Haiko miti yenye ilijiotea. Na ukoo ya ule bwana minaijua."

Nilikuwa naijua kweli. Kule Soweto, kabla ya kupimwa gauni, mjukuu wa Mama alikuwa akinisalimia kwa kutaja majina ya sifa ya ukoo wa baba yake, babu kwa babu, na alinicheka mpaka nikayashika. Nikayataja pale kwenye ngazi, kwa Kizulu changu cha sokoni. Nina hakika nilimruka babu mmoja, na mwingine nilimtaja mara mbili. Lakini makuhani walisogea karibu. Walikuwa wanasikia kitu wanachokijua, fulani aliyemzaa fulani aliyemzaa fulani. Kijana akatikisa kichwa kwa upole, akasema ukoo kama huo unastahili ukurasa.

Tatizo ni kwamba ukurasa hakuwa nao. Ukoo mpya hushonewa karatasi mpya, na mzee anayewashonea vitabu alikuwa bondeni anauza farasi. Turudi wiki ijayo.

Niliufungua mkoba wangu. Mimi sitembei bila sindano, hata kanisani. Uzi niliokuwa nao ni ule wa kijani, wa mapazia ya dukani, ambao nilikuwa nimeuchukua kushonea blauzi ya Mama. Kijana alileta karatasi, akanionyesha mahali, nikapiga magoti kwenye mawe nikaishona katika kitabu chao kitakatifu, kwa mshono wa kurudi nyuma, ule usiofumuka. Vitabu vyao vimeshonwa vizuri. Mshono wangu ulikuwa mzuri zaidi.

Akaandika. Kijiji Soweto, mji Johannesburg. Ukoo, kama nilivyoutaja. Mume. Halafu jina la binti, na Mama akalitamka kwa sauti, mara mbili, ingawa kijana alilisikia mara ya kwanza. Akauliza nani ameshona, maana hilo nalo huandikwa. "Fundi, wa Yeoville," Mama akasema. Kisha akauliza watoto.

"Mmoja," Mama akajibu. "Acha mstari."

Nilidhani uchovu umemsahaulisha jina, nikafungua mdomo kumsaidia. Alinifinya paja kwa nguvu ambazo daktari hakuziorodhesha. Akamwambia kijana maneno mengine kwa lugha yao, hayo hakunitafsiria, na mstari ukaachwa mtupu. Nilikasirika. Bahari nzima tumeivuka, jangwa lote tumelila, halafu kazi inaachwa nusu! Sikusema naye mpaka tumeshuka ngazi ya mwisho. Pale alitaka kuoga. Nikamkumbusha ahadi yangu. Akanitazama. Basi nikachukua kata ya shaba, nikateka maji, nikammwagia mimi mwenyewe, kichwani, mabegani, miguuni, mpaka akalowa chapachapa. Majini hakuingia. Bosi nilimtumia picha ya ngamia.

Alikohoa wiki mbili, akapona kwa makusudi. Sari ya zambarau mke wa mchungaji aliivaa Pasaka, na hakuna pepo aliyeonekana.

Mama alifariki mwaka 2019, nyumbani kwake, dawa zake zimepangwa kwa saa. Kwenye msiba nilikwenda na mjukuu. Tulisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni, yeye amevaa gauni jeupe nililomshonea. Bosi alipita akigawa sahani za chakula kwa mkono wake, macho mekundu, muungwana kama kawaida. Akampa yule dada sahani. Akamshukuru kwa kuja kumsaidia fundi. Yule dada akasema asante, akala, na nyusi za Mama hazikutikisika. Mimi sahani yangu niliirudisha jikoni.

Mwezi uliofuata bosi akapeleka majivu Pushkar. Ni kazi ya mwana wa kiume, na kazi yake ya pili ni kuandikisha kifo cha mama yake kitabuni.

Aliniita kwa simu mchana, niko kwenye kibanda ninachoshonea Yeoville siku zisizo za bosi, na sketi ya mteja mapajani.

"Sisi," alisema, kama Johannesburg wanavyomwita dada. "Kuna ukurasa hapa umeshonwa kwa uzi wa kijani."

"Ndiyo, bosi."

"Ni uzi wa duka langu."

"Ndiyo, bosi."

Nilisikia makuhani wakiitana nyuma yake. Akasema amelisoma jina la dada yake, na kwamba hajalisoma mahali popote tangu ana miaka kumi na mitano. Akasema chini yake kuna mstari mtupu, na kuhani amekataa kuufunga. Anasema bibi aliyekuja na kitanda aliagiza kwamba mstari ule ni wa mjomba, na mjomba atakuja mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilifinywa paja.

"Yule dada aliyesimama na wewe msibani, mwenye nyusi za Ma," bosi akasema. "Yule niliyempa sahani."

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Ningemwambia, angeandika, mambo yangekwisha kwa dakika moja, na angerudi kwenye mapazia yake.

"Namba yake ninayo, bosi," nikasema. "Nakutumia. Muulize mwenyewe."

Nikaituma. Kisha nikamwonea huruma yule dada, kupigiwa ghafla namna ile akiwa kazini, nikampigia haraka nimwonye. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga pindo upande mmoja wa sketi, nikapiga tena simu. Inatumika. Nikamaliza sketi nzima, nikaikunja, nikakata nyuzi, na simu yake bado ilikuwa inatumika.